Mapichi, Kuzumburu na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka Lindi kumchukua mwanawe. Wala hakuficha. Alishatutumia salamu kwamba Tumati tulikopangiwa kazi ni porini, baridi tupu, hata mnazi hauoti, na mwanawe wa pekee aombe uhamisho arudi Kusini. Mume wangu, mwalimu mzima, mbele ya mamake hakuwa na ubavu wa kusema hapana. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati ya pale, na Tumati nilikuwa nimeipenda. Nikaapa: sitoki ng'o!

Tegemeo langu lilikuwa mpichi uliokuwa nyuma ya nyumba. Mama mkwe akionja pichi moja lililoiva, nilijiambia, ataona huku nako kuna neema. Shida ilikuwa kuzumburu. Jamani, ndege wale hawana haya! Wanakuja kundi zima na mikia yao mirefu, wananing'inia, wanatoboa kila tunda na hawamalizi hata moja.

Wakati ule wa Ujamaa nyumba zilikuwa zimesogezwa pamoja, kwa hiyo jirani yangu alinisikia nikiwatukana ndege kila siku, akanihurumia. Tulifunga makopo matupu mtini, tukavuta kamba hadi kwenye kibuyu chake cha kusukia maziwa. Kila akikisukasuka apate siagi, makopo yanapiga kelele na kuzumburu wanatimka. Wapita njia waliuliza kama tumefungua kanisa jipya. Mapichi yakaanza kuiva, nami nikaanza kutembea kwa maringo.

Siku mama mkwe alipofika, jirani alikuwa ameenda mnadani. Kibuyu kimya. Naingia uani na mzigo wa mkwe kichwani, naona mpichi wote umejaa kuzumburu, na mapichi yaliyoiva ni matobo matupu. Nilitaka kulia.

Mama mkwe hata hakunitazama. Alivua khanga ya mabegani, akaukimbilia mti huku akiipunga. "Hoyaa! Tokeni! Washenzi nyie, mnakula jasho la watu!" Kumbe amekulia kwenye mashamba ya mpunga, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuwinga ndege. Alirudi anahema, macho yanawaka. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Tuliokota pichi moja zima. Alilitafuna, akakunja uso.

"Chachu," akasema.

Kisha akaenda kuifungua ile kamba kwenye kibuyu cha watu, akaifunga kwenye dole gumba la mguu wake, akaketi kizingitini kulinda.

Alilinda kutwa, na kesho yake pia. Mume wangu akajikaza kumuuliza, "Mama, basi nikaombe uhamisho?"

"Uhamisho wa nini? Hawa ndege nimwachie nani?"

Nilikimbilia jikoni nikarukaruka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa bado narukaruka niliposikia anamwagiza mwanawe sanduku lake lililobaki Lindi liletwe, na kitanda.