Jina la Zuhura Redioni

Nakumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili ile jioni jina la Zuhura liliposomwa redioni na Bagamoyo nzima ikasikia. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za duka la Bwana Kanji, nimevaa raizoni zangu za Dar es Salaam, vile viatu vya soli nene, najiona mimi ndiye mimi. Kabla salamu zile hazijaisha nilikuwa natafuta pa kujificha.

Nakusimulia haya kwa sababu ya maneno uliyoniambia juzi, kwamba maktaba yako ya shule huko Vigwaza imejaa vitabu na haina vijana, wote wameinamia simu zao wanasikiliza nyimbo. Ulisema kama mtu aliyegundua ugonjwa mpya. Nikacheka moyoni. Nyimbo ziliwashika vijana tangu mimi nina kiuno chembamba, na usiniulize kiuno hicho kilikwenda wapi.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa binti mdogo, nimetoka mafunzoni, nikakabidhiwa chumba cha kusomea cha mji, ndiyo maktaba yetu. Kilikuwa chumba kizuri ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene, ubaridi hata mchana wa jua kali. Wasomaji wangu walikuwa wazee wachache waliokuja kusoma gazeti la jana, na mmoja wao alikuwa analala kabla hajafika ukurasa wa michezo. Vijana walipita mlangoni kwangu kama hapakuwa na mlango, wakakimbilia dukani kwa Bwana Kanji, Mhindi aliyeuza nguo mkabala na sisi. Bwana Kanji alikuwa na redio kubwa, na hakuwa mchoyo wa sauti.

Kila Jumapili kulikuwa na kipindi cha salamu. Wewe hukukikuta, basi nikueleze. Mtu anaandika kadi, anataja jina lake, anataja watu anaotaka wasalimiwe, na anachagua wimbo wa dansi anaoupenda. Kadi inakwenda posta, inafika Dar es Salaam, na siku yake ikifika mtangazaji anaisoma, nchi nzima inasikia. Kijana aliyesomwa jina lake Jumapili, Jumatatu hata mwendo wake ulikuwa umebadilika. Nikawaza, kama hiki ndicho wanachokitaka, mimi nina meza, nina kalamu, na nina mahali pasipo na jua.

Nikamwomba Bwana Kanji maboksi matupu ya mashati, tukate kadi. "Chukua, dada," akasema. "Mimi huyachoma tu." Nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikawaita vijana waje watengeneze kadi zao wenyewe. Wavulana walikata picha kwenye magazeti makuukuu, wachezaji wa mpira, magitaa, na zile suruali za bugaluu zilizofagia njia. Wasichana walileta vipande vya ukindu uliotiwa rangi, vile vinavyobaki nyumbani baada ya kusuka mikeka, wakavibandika pembeni mwa kadi, zambarau na kijani, hata ukaona huruma kuibandika stempu. Sharti langu lilikuwa moja. Anayetaka kadi aazime kitabu kwanza, na akirudi anieleze kilichomo. Wengine walijaribu kunidanganya, wakanisimulia jalada. Niliwarudisha, wakasoma kwa hasira, na baada ya muda hasira ikawa mazoea.

Zuhura ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alikuwa darasa la saba, mtihani umekaribia, na mwandiko wake ulikuwa kama umepigwa chapa. Mama yake alikwisha fariki, akawa analelewa na baba yake, Bwana Shomari, mfanyabiashara wa nazi wa ukoo wa zamani pale mjini, pamoja na bibi yake mzaa baba, Bi Kidawa. Tulipoamua kupeleka kadi moja kubwa ya maktaba nzima, Zuhura ndiye aliyeiandika. Wenzake wote wakataka majina yao yawemo, na yeye pia. Nikaruhusu bila kufikiri mara mbili.

Basi Jumapili ile mtangazaji akaanza. "Salamu kutoka maktaba ya Bagamoyo, ziwafikie Salumu fundi baiskeli, Hamisi wa Magomeni, Zuhura binti Shomari..."

Vijana waliruka kwa furaha. Mimi nikatazama baraza ya upande wa pili, walikokaa wanaume wa mtaa wakinywa kahawa, nikaona vikombe vimesimama hewani. Bwana Shomari alikuwa katikati yao. Aliweka kikombe chake chini polepole, akainuka, akaenda zake bila kumuaga mtu.

Uelewe, mwanangu, kwa watu wa mji ule jina la binti halikutajwa barazani. Mwanamume akitaka kujua hali ya mabinti wa mwenzake aliuliza, "Watoto hawajambo?" na hapo pakatosha. Sasa jina la binti limetajwa na mwanamume asiyemjua, limepangwa katikati ya majina ya wavulana, na mara tu baada yake ukapigwa wimbo wa mapenzi. Wala siwezi kusema sikujua. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimezaliwa ndani ya desturi hiyo hiyo, ila raizoni zilikuwa zimenipanda kichwani.

Kesho yake Zuhura hakuja maktabani, na shuleni hakuonekana. Salumu ndiye aliyeniletea habari: baba yake amesema hatoki tena, atakaa ndani mpaka apate mume. Nililia, mwanangu. Mtoto aliyekuwa akiazima vitabu viwili viwili, mtihani u mlangoni, na kilichomponza ni kadi yangu. Salumu alinisubiri nifute macho, kisha akaniambia lililobaki. Na mimi nilikuwa naitwa nyumbani kwao.

Nilikwenda alasiri, nimejitanda khanga, miguuni nina kandambili. Nikapiga hodi, nikakaribishwa. Bwana Shomari alikuwa amekaa kitini, na Bi Kidawa kwenye mkeka anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe bila kutazamwa.

"Shikamoo baba. Shikamoo bibi."

"Marahaba," akajibu Bwana Shomari, akiutazama ukuta.

Bi Kidawa akanipa ishara nikae mkekani, akanisogezea ukindu nichane. Nikawa nachana ukindu huku nasubiri hukumu yangu.

"Leo hapa kwetu umeingiaje?" akaniuliza.

"Nimepiga hodi, bibi."

"Na jina la mjukuu wangu, ulipolichukua kulipeleka Dar es Salaam, hodi uliipiga wapi?"

Nikachana ukindu mpaka ukawa nyuzi.

"Mimi sina ugomvi na nyimbo," akaendelea. "Ngoma nimecheza, hata huyu baba yake anajua. Na vitabu sina ugomvi navyo. Lakini umewachukua watoto wetu, umewapa jambo zuri la kufanya, na sisi wenyewe umetuacha nje kama wapita njia. Ungekuja ukakaa hivi ulivyokaa, ukanieleza, ningekwambia andika 'mjukuu wa Kidawa', na leo huyu bwana angekuwa anatamba barazani."

"Lakini mama," akaanza Bwana Shomari.

"Ngoja kidogo, baba, sijamaliza." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Hivi hiyo kadi, mtu mzima naye hupeleka?"

Nikainua uso. Bi Kidawa alikuwa na dada yake, Bi Mboni, aliyeolewa Saadani. Barabara ya huko ilikuwa mbaya, magoti yao wote wawili mabaya zaidi, na miaka ilikuwa imepita bila kuonana. Walikuwa wakitumiana salamu kwa madereva wa malori, na madereva wakisahau nusu yake njiani. Lakini nyumbani kwa Bi Mboni kulikuwa na redio.

"Hupeleka, bibi," nikasema. "Tatizo ni mwandiko. Wangu haufai. Ile kadi iliyosomwa aliiandika Zuhura."

Bi Kidawa akaacha kusuka kwa mara ya kwanza, akamkazia macho mwanawe. Bwana Shomari akaurudia ukuta wake.

"Aandike," akasema mwishowe. "Hapa hapa, mbele yangu."

Nikatuma mtoto maktabani alete boksi na gundi. Zuhura akatoka chumbani na macho mekundu, akakaa mkekani na kalamu. Kumbe kusalimia ni kazi. Huwezi kumtaja dada ukamwacha shemeji, na ukimtaja mtoto mkubwa umtaje na mdogo asije akanuna. Boksi likajaa, tukabandika kipande cha pili, na hicho kikajaa, tukabandika kingine, mpaka kadi ikawa ya kukunjwa kama nguo. Bwana Shomari alivumilia kwa muda. Halafu tukamsikia anasema, bado akitazama ukuta, "Mmemsahau shangazi Mwanaidi." Baadaye kidogo yeye ndiye aliyeshika bakuli la gundi.

Asubuhi yake Zuhura aliruhusiwa na baba yake kurudi shule. Maktaba ndiyo bado. Huko baba yake alisema kwanza aone mwisho wa mambo haya, na mimi sikuthubutu kumbana.

Jumapili kadhaa zilipita kimya, na kila mara Bi Kidawa aliketishwa kwenye kiti mbele ya duka la Bwana Kanji. Hatimaye ikafika ya kwetu. Mtangazaji alisoma majina, akameza mate, akasoma tena, kisha akasema, "Bibi Kidawa, ukoo wako ni mkubwa. Tupige wimbo kidogo nipumzike, halafu tumalizie." Mtaa mzima ukaangua kicheko. Lilipotajwa la Shomari, mwana anayemtunza mama yake, niliona wanaume wa barazani wanampigapiga begani, naye anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwisho kabisa yakasomwa maneno haya tu: "Kadi imeandikwa na mjukuu wangu." Zuhura mwenyewe ndiye aliyeliacha jina lake. Aliogopa.

Siku chache baadaye lori likasimama mtaani, akateremshwa bibi mmoja na kapu la ng'onda, samaki wakavu ambao harufu yao ilifika kabla yake. Alikuwa Bi Mboni. Amesikia salamu, amelia, akamwambia mwanawe atafute lori hata liwe la mkaa. Bi Kidawa alitolewa nje, wakashikana pale barabarani, na sikuwahi kuona watu wenye magoti mabaya wakichezesha mabega namna ile. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa maktaba yangu, natazama.

Baada ya machozi kufutwa, Bi Mboni akawageukia wanaume wa barazani.

"Nimewasikia watu wote wa ukoo wangu siku ile, walio hai na wanaoumwa. Aliyeandika sikumsikia. Ni nani huyo nimshukuru?"

Walijua wote, na wote walimtazama Bwana Shomari, kwa kuwa jina lile halikuwa lao kulitaja. Akakohoa kidogo.

"Ni Zuhura," akasema. "Zuhura binti yangu. Kazi hizo amejifunza maktabani." Kisha akageukia nyumbani kwake akaita, mtaa mzima ukisikia, "Zuhura, njoo umpeleke bibi yako maktabani."

Akatoka, mwanangu, mbio, ushungi mkononi, akarudi kuuvaa, akatoka tena. Nami nikalia kwa mara ya pili kwa sababu ya mtoto yule, ila safari hii nililia nacheka.

Tangu hapo maktaba yangu haikuwa ile. Bi Kidawa alichagua benchi lake, akawa anakuja na ukili wake siku anayotaka. Wenzake walipoona hivyo wakawaachia wajukuu wao waje na ukindu wao, msichana mmoja akisoma kwa sauti, wenziwe wakisuka na kumkatiza kwa maswali. Wavulana waliendelea na kadi na magitaa yao upande wa dirishani. Wazee wa gazeti walilalamika kidogo juu ya kelele, kisha na wao wakaanza kusikiliza hadithi. Vitabu vilinuka ng'onda kwa muda mrefu, na Zuhura alifanya mtihani wake akafaulu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usishindane na nyimbo za vijana wako, hutaziweza. Zikaribishe ndani, uulize wanapenda nini na kwa nini, halafu uweke kitabu karibu na hicho wanachokipenda. Mikono yao ipe kazi, maana kijana akiwa na gundi vidoleni hana haraka ya kuondoka. Acha watengeneze kitu kitakachotoka nje ya kuta zako kikaonekane na watu. Lakini kabla hakijatoka, vua viatu vyako virefu uende nyumba kwa nyumba, upige hodi, uamkie, ukae mkekani na wazazi uwaeleze. Usiwaogope. Wengi wao wanangoja tu mtu awaulize kama na wao wanaruhusiwa kupeleka salamu.

Mwenyezi Mungu akupe subira na ucheshi, maana kazi yako inahitaji vyote viwili. Ajaze mabenchi yako vijana wenye maswali na bibi zao wenye majibu. Na siku majina ya watoto uliowalea yatakapotajwa mbele za watu, wazazi wao wawe wa kwanza kuyaita kwa sauti. Amina.