Ubishi wa Bi Shamsia na Fundi Baiskeli

Bi Shamsia binti Jumbe alikuwa mkaanga bajia, lakini mtaa wetu wote wa Majengo ulimjua kwa ubishi wa sinema. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, na kuta zetu zilikuwa za udongo, kwa hivyo alilosema kwake nililisikia kwangu, nipende nisipende. Mwanamke huyu hakujua kushindwa. Akishasema jua linawaka, nawe umwambie mvua inanyesha, atakujibu kwamba hiyo si mvua, ni mtu anamwaga maji.

Miaka ile picha za Kihindi zilioneshwa katika sinema moja huko mjini, na Jumatano alasiri ilikuwa zanana, yaani wanawake peke yao. Tulijitupia mabuibui yetu tukaenda kwa miguu, kundi zima. Kihindi hatukukijua. Tulielewa kwa macho: huyu anapenda, huyu ana wivu, huyu mama mkwe hafai. Tukirudi, Shamsia alibandika karai lake na kutoa hukumu, na wengi walinunua bajia kwa sababu ya hukumu tu.

Picha za makauboi hakuzitaka kabisa. "Watu wazima wanaingia nyumba za watu na kofia vichwani, halafu mniambie huyo ndiye mwema?" Picha moja ya zamani, ya mfalme aliyempoteza mwanawe sokoni, ilitengenezwa upya na waigizaji wapya, na watu wakaisifu sana. Yeye alisema: "Wamebadilisha nguo tu. Mtoto anapotea pale pale, na baba yake bado hana akili ya kumshika mkono." Lakini zilizomuudhi kuliko zote ni picha za sehemu ya pili. Kwake hizo zilikuwa chai iliyopikwa kwa majani ya jana. Mara nyingi sikukubaliana naye, ila nilikuwa na akili ya kunyamaza.

Aliyekuwa hanyamazi ni mmoja tu, Abdurahim, fundi baiskeli aliyefanyia kazi ng'ambo ya njia, mkabala na karai la Shamsia. Alikuwa mume wa Kadija, rafiki yetu, na picha alizitazama Jumapili pamoja na wanaume wenzake. Ilipokuja ile picha ya mafuriko, ndipo moto ulipowaka.

Katika picha ile, stelingi, yaani shujaa wa picha, anaanguka mtoni kutoka darajani siku ya harusi yake. Mto umefura, kilemba chake kinaelea, bibi harusi anavunja bangili zake, mzee mmoja anasema maneno mawili ya Kihindi, na picha inaisha. Sisi tulilia mpaka mabuibui yakalowa. Abdurahim hakulia. Alisimama katikati ya njia na tairi mkononi, akapiga kelele.

"Shemeji Shamsia! Kilemba mmekiona. Maiti mmeiona?"

"Msichana kavunja bangili, shemeji. Nani anavunja bangili kwa mtu aliye hai?"

"Kavunja kwa haraka zake! Stelingi hafi. Ngoja ije ya pili, utamwona anatoka majini."

"Haitakuja ya pili. Na ikija, kafa tu!"

Ubishi huo ulienda mwaka mzima. Asubuhi hawakusalimiana kama watu wengine. Abdurahim aliuliza, "Maiti imepatikana?" na Shamsia akajibu, "Imeshazikwa, ulialikwa hukuja." Wapita njia walicheka, Kadija alificha uso kwa leso akicheka, na kusema kweli siku ilikuwa haijaanza mpaka tusikie hayo.

Masika yalipofika Abdurahim alishikwa na kifua. Tulidhani ni baridi tu. Shamsia alimpelekea uji, na hata pale kitandani, sauti imekauka, Abdurahim alimwambia, "Shemeji, hafi yule." Yeye mwenyewe hakuvuka wiki ile. Tulimlilia sana. Alikuwa mtu mzuri, na njia yetu ilinyamaza vibaya.

Kadija akaingia eda. Kwa desturi yetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, wala hajitii manukato. Wanawake tulikwenda kukaa naye kwa zamu. Alikuwa mtulivu mno. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, lakini kicheko chake, kile cha kujificha kwa leso, kilikuwa kimekwenda na mumewe.

Bado eda haijaisha, bango jipya likabandikwa karibu na soko la Gikomba. Uso ni wa stelingi yule yule, na nyuma yake kuna mto. Majengo ikasema kwa sauti moja kwamba ya pili imekuja. Siku hiyo hiyo Kadija akatuita mimi na Shamsia.

"Dada Shamsia," akasema, "nenda ukanitazamie. Na huyu jirani yako Lela afuatane nawe. Nataka kujua kama yule mtu alikuwa hai."

Shamsia akamtazama. "Na ikiwa alikufa?"

"Basi alikufa. Lakini mume wangu alikuwa anazungumza habari hiyo mpaka siku ya mwisho. Kila mtu ananiambia nisimfikirie, nami kila nikimfikiria namsikia anauliza hilo tu. Nataka nimjibu."

Jumatano tukaenda. Taa zikazimwa, na kabla sijakaa vizuri, huyo stelingi! Mzima wa afya, kafuga masharubu, anaimba juu ya gari la ng'ombe. Nilipiga kigelegele. Shamsia alisimama akaanza kumsuta yule mtu wa kwenye kitambaa kana kwamba yuko mbele yake.

"Mwongo mkubwa we! Ulikuwa wapi? Watu wamekulilia, na huyo mwanamke unayemwimbia ni nani? Yule wa bangili umemwacha wapi?"

Mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa ambaye Kiswahili alikijua vizuri, akamvuta buibui. "Kaa chini, mama. Hii ni picha nyingine. Jina jingine, hadithi nyingine. Mwigizaji ndiye yule yule tu."

"Na yule wa mtoni?"

"Yule alikufa. Nilisikia kwa masikio yangu, mwisho kabisa mzee anasema mwili umepatikana. Ile picha haina sehemu ya pili."

Kumbe Majengo nzima tulikuwa tumefuata sura ya mtu! Nilitamani kucheka na kujificha. Lakini Shamsia aliketi kama malkia. Picha iliyobaki hakuitazama, alikuwa anajipongeza. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono na kunieleza atakavyosema, aanzie wapi, amalizie wapi. "Si nilisema? Mwaka mzima, Lela! Mwaka mzima nasema kafa, ananifanya mjinga mbele za watu." Nikamwambia amsimulie Kadija kwa upole. Akaniambia ukweli hauna upole wala ukali, ni ukweli.

Kadija alikuwa ameketi mkekani katika nguo zake nyeupe. Alikuwa amekwisha kututandikia, na kahawa imeshamiminwa vikombeni. Alipotuona alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Eh?" akasema.

Shamsia alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuadhini. Nami nikatazama chini, maana nilijua kinachokuja. Hakikuja. Nikainua macho. Shamsia alikuwa anamtazama Kadija, ile mikono yake juu ya magoti. Halafu akajitupa mkekani kwa hasira.

"Mumeo, Mungu amrehemu, kaniaibisha!"

"Vipi?"

"Yuko hai! Yule mpumbavu yuko hai! Kafuga masharubu, eti nisimjue. Alidaka gogo, gogo likamtupa kijiji cha mbali, akaugua akasahau hata jina lake. Upuuzi mtupu. Lakini yuko hai, na yule msichana kanunua bangili mpya. Muulize Lela."

Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Sijui nilipata wapi nguvu.

Kadija alianza kwa bega. Bega likatikisika, kisha la pili, kisha akavuta leso usoni, na ndani ya leso kile kicheko kikatoka, kile kile, mpaka kikombe chake kikamwagika. Alicheka na machozi yakamtoka, akawa anajipiga paja. "Leo asingelala!" akasema. "Wallahi angekuwepo asingelala, angekuja kukugongea dirisha mpaka alfajiri!"

"Angenigongea," Shamsia akasema. "Namjua."

Kadija akajifuta macho. Akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Dada Shamsia. Sema alikushinda."

Katika miaka yote niliyomjua, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwa Shamsia, awe mbele ya mumewe au mbele ya kadhi. Alikohoa. Akatazama mlango, akanitazama mimi kwa jicho la kunionya, kisha akamtazama mjane wa fundi baiskeli.

"Alinishinda," akasema.

"Sema tena."

Akasema tena.