Nyumba Niliyoikataa

Daktari alishaniruhusu kwenda nyumbani, lakini nikakaa hospitali siku tisa zaidi. Mguu ulikuwa umetiwa chuma, kidonda kimefunga, natembea na magongo mpaka chooni na kurudi bila kushikwa na mtu. Kilichonibakiza ni bili. Wodi ile ya hospitali ya mjini Moshi ina madirisha mapana, na asubuhi mawingu yakipanda naona mlima wote mpaka naweza kuonyesha kwa kidole kwangu ni upande gani. Nalala naangalia, kama mbuzi aliyefungwa kamba anavyoangalia majani ya ng'ambo.

Nilianguka kwenye mfereji. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo kichwani, mvua imenyesha, mguu ukateleza na mzigo ukanifuata. Nina miaka zaidi ya sabini. Watu walikuwa wananiuliza, mama mwenye watoto wanne wote wana kazi, anakata majani ya nini? Nawajibu kwamba ng'ombe halishwi kwa simu. Ukweli ni kwamba yule ng'ombe ndiye aliyekuwa ananinunulia sukari, sabuni na dawa ya presha. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kahawa. Mimi na marehemu mume wangu tulipanda kahawa tukijua ndiyo itatuzeesha. Kahawa ikashuka bei, ikazeeka kabla yetu, tukaing'oa.

Kuna ukweli mwingine mbaya zaidi, na nausema kwa sababu ni wangu. Nilipoanguka, watoto wangu hawakuwa na hela, na sababu ni mimi. Hela yao yote ilikuwa imelala uani kwangu: mawe, kokoto, nondo, na tofali za simenti zilizopangwa mpaka kwenye migomba. Zilikuwa zinasubiri nyumba ya mama.

Hiyo nyumba niliiomba mwenyewe. Huku mlimani kila aliyefanikiwa anajenga kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, palipo na migomba na makaburi ya wazee wetu. Anajenga vyumba saba. Desemba anakuja kutoka Dar es Salaam na familia, wanalala wiki mbili, Januari wanafunga, nyumba inabaki na popo. Jirani yangu wa juu watoto wake walimjengea ya vigae vyekundu, na kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, "Kwako wanaanza lini?" Nikachoka kuulizwa. Nikampigia simu mwanangu mkubwa, ambaye ni mkandarasi Dar, nikamwambia, "Unataka nife chini ya haya mabati ya kutu aliyoacha baba yako?" Mtoto mwenye heshima zake. Akawakusanya wadogo zake, wakaanza kuchanga.

Sasa niko kitandani, na wao wanachanga tena, mara hii kwa ajili ya bili. Kidogo kinaingia leo, kidogo keshokutwa.

Kitanda cha pili alilala mama wa rika langu, kutoka kule chini kwenye mashamba ya miwa. Mume wake alikuja kutoka Singida akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo kiwandani mpaka akastaafu, sasa ni marehemu. Niseme wazi, sisi wa mlimani watu wa tambarare tunawaangalia kwa chini. Tunasema hawana migomba, hawana kihamba, wanaishi kwenye nyumba za kampuni. Siku ya kwanza nilimhesabia watoto wangu na kazi zao mmoja mmoja, na magari yao. Yeye alikuwa amevunjika nyonga, anasikiliza tu.

Siku ya tano ya kubaki kwangu akaniuliza, "Mama wa mlimani, bado upo?"

"Nipo."

"Si ulisema wanao wana magari?"

"Wanayo."

"Basi wauze tairi moja."

Nikageukia dirisha mpaka chakula cha jioni. Yeye hakujali, alicheka peke yake mpaka nyonga ikamuuma.

Siku yake ya kutoka ilipofika, muuguzi alichukua kadi yake, akarudi na karatasi, akatia sahihi, basi. Akajifunga kanga, akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri bajaji. Nikashindwa kunyamaza.

"Nani kakulipia?"

"Mimi mwenyewe."

"Unazo hela?"

"Sina. Nina bima. Mzee alipokaribia kustaafu nilimwambia, kabla hujaninunulia hata kitenge, kata bima ya mimi na wewe. Kiinua mgongo chake tulikigawa mafungu kabla hakijafika. Kingefika hakijagawiwa, angekuja mdogo wake na wazo la kununua lori." Akaniangalia. "Na wewe una nini?"

"Nina nyumba inajengwa."

"Vizuri. Muuguzi akija mpe tofali."

Aliondoka. Nilitamani nimtukane, nikakosa tusi linalomfaa, maana alikuwa amesema kweli.

Aliyenitoa mwisho wa yote ni kitinda mimba wangu, binti anayeuza nafaka Himo. Alikuwa ameweka ghalani maharage aliyonunua Tarakea, anasubiri bei ipande. Akayauza siku hiyo hiyo kwa bei aliyoikuta. Njiani hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamuuliza, "Hela ya nyumba imefika wapi?"

"Imefika kwenye msingi, Mama."

"Na kumaliza?"

"Labda Desemba tatu. Labda nne."

Nikawaza miaka hiyo mingine nitavunjika nini.

Nilikaa miezi kadhaa na magongo, majani nakatiwa kwa kulipa, kwa hiyo ng'ombe akawa anakula zaidi ya anachotoa. Binti yangu alikuwa anakuja Jumapili. Nikamwambia anieleze mambo ya bima, na yale mambo mengine aliyokuwa anawaambia wenzake wa sokoni, ya kuweka hela kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji na kununua vipande vyake. Mimi niliishia darasa la nne. Alieleza mara ya kwanza, sikuelewa. Alieleza mara ya pili, nikamwambia anywe chai kwanza. Mara ya tatu akasema, "Mama, ni kama kumweka ng'ombe kwa mtu."

Hapo akawa ameongea lugha yangu. Huku kwetu tangu zamani mtu hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Anampeleka mmoja kwa shemeji, mwingine kwa rafiki kijiji cha pili. Anayefuga anakunywa maziwa na anachukua mbolea ya migomba yake. Ndama wanabaki wa mwenye mali, na baada ya muda mfugaji naye anapewa wake. Nikamuuliza binti yangu maswali ambayo mume wangu alikuwa anawauliza watu kabla ya kuwapa ng'ombe. Anayefuga ni nani? Nani anamkagua? Yeye anakunywa maziwa kiasi gani? Nikimtaka ng'ombe wangu narudishiwa baada ya siku ngapi? Na akikonda?

"Anaweza kukonda, Mama. Mwaka mwingine vipande vinashuka. Ndiyo maana hatuweki huko hela ya dawa ya mwezi huu."

Jibu hilo nililipenda. Angeniambia hakondi kamwe, ningemfukuza.

Desemba watoto wote wanne walikuja. Siku ya pili baada ya Krismasi ni siku ya kikao chetu cha familia, nyama imeliwa, pombe ya mbege ipo, wajukuu wamefukuzwa wakacheze. Mwanangu mkubwa alikuja na ramani mpya, ameongeza baraza. Alikuwa na furaha mpaka nikamwonea huruma. Nilikuwa najua nikiendelea kunyamaza, nyumba itaisha na mimi nitakuwa naomba hela ya vidonge kwa watoto waliokamuliwa mpaka tone la mwisho. Na nikisema, naweza kumpoteza huyu. Nikasema.

"Baba yenu alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Watano," akasema mkubwa.

"Kwenye zizi letu ulikuwa unaona wangapi?"

"Mmoja. Wengine walikuwa kwa watu."

"Kwa nini?"

"Ugonjwa ukiingia wasife wote. Na watu wasihesabu mali zake."

"Basi nyinyi mmechukua ng'ombe wangu wote mmewafungia zizi moja, tena lenye vigae. Na sitakamua hata kikombe."

Wa kati wawili wakaangalia chini. Mkubwa akakunja ramani yake taratibu.

"Mama, hii nyumba uliiomba wewe."

"Niliiomba. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu nimeulalia siku tisa. Sasa naomba bima ya afya, ilipwe kila mwaka kabla mtu hajanunua hata rangi. Naomba choo cha ndani kwenye nyumba hii hii, na vyuma vya kushika ukutani. Ng'ombe aende kwa wifi yangu kule Mwika, bado ana mgongo wa kukata majani. Kitakachobaki kikanunue vipande kwa jina langu."

"Watu watasema tumekutelekeza. Watasema mkandarasi mzima kashindwa kumjengea mama yake."

"Watasema. Mimi nitakuwa hai nawasikia."

Hakucheka. Kesho yake aliondoka kabla ya siku zake, akaniaga mlangoni bila kuingia. Mwaka mzima uliofuata alinipigia simu kama anayepigia ofisi. "Shikamoo Mama. Hela ya bima nimetuma." Basi.

Lakini alituma. Tofali na nondo zilinunuliwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anajenga kijiji cha chini. Msingi ulibaki pale pale, nikapanda maboga ndani yake, yakatambaa sebuleni, yakaingia vyumba vya wageni. Jirani yangu wa juu alisimama kwenye uzio akasema, "Naona ghorofa yako imetoa maua." Nikampelekea majani ya maboga, akayapokea.

Sitasema mambo yalikuwa mepesi. Kadi ya bima haikufanya kazi siku ile ile, niliambiwa nisubiri, na dawa nyingine haimo mpaka leo, nalipa mwenyewe. Mwaka mmoja vipande vilishuka, nikashindwa kula, binti yangu akaniuliza kama nilimwuza ng'ombe kila alipokonda. Nikatulia. Vikapanda tena. Faida ninayochukua ni ndogo, inalipa umeme, chumvi na anayenilimia. Ya mwezi huu naila, ya mbele naiacha ifugwe. Namba ya siri ya simu yangu najua mwenyewe. Binti yangu nampenda, ila hajui, wala hajaniuliza. Wanawake wenzangu wa jumuiya huwa nawaambia hivyo: mtoto akusaidie kusoma, asikusaidie kubonyeza. Mtoto wa jicho nilitolewa macho yote mawili, watoto waliambiwa nilipokwisha kurudi nyumbani.

Sasa nifike kwenye Desemba iliyopita. Kuna kitu cha huku ambacho hatukisemi kwa sauti. Mtu mambo yakimharibikia huko mjini, Desemba haji. Anapiga simu anasema kazi zimembana. Hawezi kutokea mlimani mikono mitupu, mbele ya wenzake walioshusha magunia ya mchele na kreti za soda. Wana wawili wa jirani yangu wa juu kazi zimewabana Desemba tatu mfululizo. Mama yao anafagia vyumba saba peke yake, anafunga.

Mwanangu mkubwa alikuwa amefanya kazi kubwa ambayo hakulipwa. Aliuza gari, kisha mashine ya kuchanganyia zege. Hayo aliniambia dada yake, yule wa Himo. Nikajua Desemba simwoni. Nikajiandaa kusikia hiyo simu.

Hakupiga simu. Alikuja kwa basi, akashuka barabarani akapanda kwa miguu, begi moja mgongoni. Nilikuwa namenya ndizi nje ya jiko.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Sijaja na kitu."

"Nimekuuliza?"

Alisimama pale kama mgeni. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya, vibaya, anaacha nusu ya ndizi kwenye ganda. Akasema, "Nilitaka nisije. Nikawaza, kama ungekuwa unanitegemea mimi kwa kila kitu, nisingekuja. Ningeanzaje? Lakini nikajua hata nikija mikono mitupu, huku kwako hakuna kinachoharibika."

Nilimpikia mtori wa ndizi na nyama, akala bakuli tatu, akalala mpaka jua la saa sita. Alikaa siku zake zote. Akatengeneza mfereji mahali ulipobomoka, akaziba bati, akamwendea shangazi yake Mwika. Mtu mmoja barabarani alimuuliza gari liko wapi, akamjibu kwamba ameuza, na dunia haikusimama.

Jioni moja alikaa na dada yake mezani. Nikawasikia. "Mimi nina miaka hamsini na mbili," anamwambia. "Nimewajengea watu nyumba miaka thelathini. Yangu ya uzee iko wapi?" Dada yake akamuuliza kama ana bima, akasema hana. "Anza na hiyo," akamwambia, "hayo mengine Mama atakufundisha, ada yake ni matusi."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa jikoni.

Januari alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikamfumbatisha nauli, na kidogo juu yake cha kula njiani. Alikataa. Akakataa tena. Mara ya tatu akapokea kwa mikono miwili, akaweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.