Nani Alimchotea Maji?

Dada yangu Flora ana miaka hamsini na minane, na hajawahi kusimulia jambo lolote akiwa ametulia. Hata habari ya msiba huianza kwa kucheka, kisha hujiziba mdomo kwa kanga. Kwa hiyo niliposikia padri wa kwetu Kitangari amemwomba ahubiri Jumapili, mimi mdogo wake Isaka nilipanda gari kutoka Masasi asubuhi na mapema. Nisidanganye, sikwenda kusali. Nilikwenda kuona.

Somo lilikuwa la mwanamke Msamaria, yule aliyekutana na Yesu kisimani, akauacha mtungi wake na kwenda mbio kuwaita watu. Nikajua leo kazi ipo. Habari hii na dada yangu wana historia.

Alifundishwa habari hiyo Jumapili moja akiwa na miaka tisa. Kesho yake tukateremka bondeni kuchota maji, maana kwetu nyumba ziko juu na maji yako chini, na kile kilima hakijawahi kumhurumia mtu. Flora akajaza mtungi, akautazama, akauacha palepale! Akapanda mbio akipiga kelele, "Njoni muone! Njoni muone!" Wanaume wakatoka na mapanga wakidhani ni chui. Babu Barnaba alitoka na panga na taulo, basi. Walipoambiwa hakuna chui, wameitwa kwa Yesu tu, wengine walinuna hadi jioni.

Mama yetu hakununa. Aliuliza, "Na ntungi uko wapi?"

"Nimeuacha, mama, kama yule wa kwenye Biblia."

"Haya. Na huyo wa kwenye Biblia, nani alinchotea maji?"

Flora akarudi bondeni kuufuata, na mimi nyuma yake nikimcheka njia nzima.

Siku hizi bomba lipo, ila maji hutoka yanapojisikia. Jumapili hiyo yalikuwa yamekauka wiki tatu. Ndoo zilipangwa foleni kwenye kituo cha maji, hatua chache kutoka kanisani, na ndoo nyekundu ya Flora ilikuwa ya kwanza tangu Alhamisi. Sheria ya foleni kila mtu anaijua: maji yakitoka na mwenyewe hayupo, ndoo inarudi nyuma.

Basi akahubiri, na alikuwa mtamu! Alipofika kwa Babu Barnaba na taulo, padri alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Ndipo akasema, "Yule mama akauacha mtungi wake..." Nje mtu akapaza sauti, "Jamani, maji yametoka!"

Padri alichungulia dirishani, maana naye alikuwa na ndoo ya nne. Flora akautazama mlango. Nilimwonea huruma kweli, kwa sababu nilijua nyumbani kwake hamna hata maji ya chai.

Akacheka, akashika mimbari kwa mikono miwili. "Ndugu zangu, ndoo yangu ndiyo ya kwanza. Nikibaki hapa nimeikosa nafasi. Nikitoka, haya niliyosema yote uongo. Anayetaka kwenda aende. Mimi namaliza."

Hakuna aliyetoka. Nadhani walioneana aibu, utakatifu ulikuja baadaye. Wimbo wa mwisho uliimbwa mbio, beti tatu kwa pumzi moja, kisha tukamwagika nje, padri mbele, pindo la kanzu mkononi.

Bomba lilikuwa limeshakauka tena. Lakini ndoo zote zilikuwa zimejaa, kuanzia ile nyekundu hadi ya mwisho, na juu ya kila moja pameelea majani ya mwembe ili maji yasimwagike njiani. Pembeni alisimama jirani yetu Mwislamu, Pili, ambaye sote tunamwita Mama Tahiri, kanga imelowa hadi magotini.

"Mama Dastani, ibada zenu ndefu!" akamwambia Flora. "Nimehamisha ndoo hadi kiuno hakikunjuki."

Flora aliitazama ndoo yake, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hacheki. Kisha akapiga yowe, "Isaka! Nimempata!" Akamrukia Mama Tahiri shingoni, nusura waangushe foleni nzima.

"Umempata nani?" akauliza Mama Tahiri, akihema.

"Aliyemchotea yule mama!"

"Mama gani?"

Flora akaketi juu ya jiwe, machozi na kicheko pamoja, akamvuta Mama Tahiri akae karibu, akaanza kumsimulia upya kuanzia kwenye chui.