Mswaki wa Shemeji

Shemeji yangu, fundi wa mashine za hospitali anayesafiri nchi hadi nchi, hukaa kwake kama mgeni wa kupita: viatu miguuni, goti likitikisika, mkono ukipapasa pasipoti mfukoni. Mswaki wake hulala kwenye begi, kando ya mlango. Miaka ishirini amekimbizana na pointi ambazo shirika moja la ndege huwapa wasafiri wake wa kila mara. Jana kadi ya dhahabu ikafika. Sasa ni abiria wa heshima mpaka kufa, hata asiposafiri tena.

"Haya, baba watoto, umemaliza. Tulia nyumbani," dada akamwambia, akamwekea mswaki mpya bafuni, kwenye kikombe chenye miswaki yetu.

"Si nipo hapa?" alijibu, macho kwenye saa.

Asubuhi mswaki mpya ulikuwa mkavu. Zipu ya begi ilikuwa na povu la dawa ya meno.