Deraya ya Husseni

Najim wa Bwanausi alimchukua Husseni, mtoto wa Mwanvita, akiwa amekwisha kuzikwa, akamtia kwenye boksi la mchezo na kumuuza madukani. Hilo peke yake lingesameheka. Lakini alimnyima kufa, na hilo Mwanvita hajalisamehe.

Mwanvita hubangua korosho uani kwake, Bagamoyo. Huziagiza Kiwangwa, huzikaanga kwenye bati, kisha huzivunja moja moja, vidole vikiwa vimepakwa majivu, maana mafuta ya maganda yake yanachoma ngozi. Husseni alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali. Hakuweza kukimbizana na wenzake, basi alikulia mkekani kando ya mama yake, na Najim, mtoto wa jirani, ndiye aliyekuwa mwenzake.

Najim ndiye aliyeuleta mchezo kutoka shuleni. Mmoja anasimulia safari, mwingine anakuwa shujaa ndani yake, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekosa. Mwanvita hakusoma, lakini masikio anayo. Siku walipogombania deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani, alisikia kila kitu.

"Deraya ikiwa nzito, adui anakukosa," Najim alisema. "Ndivyo walivyoanza wenyewe waliobuni michezo hii huko Marekani. Sheria hiyo waliitoa kwenye michezo ya vita vya manowari, meli zikipangwa kwa madaraja ya ugumu wa mbavu zake."

"Meli na mtu wapi na wapi?" Husseni akamjibu. "Unamvalisha mtu chuma, halafu unasema adui kamkosa? Kwani chuma kimemfanya mwembamba? Hiyo ni hirizi, Najim, si deraya."

"Haya, mtaalamu. Deraya inafanya nini?"

"Inapokea pigo. Na kila ikipokea, inapungua." Husseni akachota korosho za mama yake, akazipanga mbele ya magoti. "Hizi ndizo deraya yangu. Ukinipata, unachukua moja. Iliyochukuliwa hairudi. Zikiisha, nimekufa."

"Zirudi kidogo basi, ukipumzika."

"Mimi nikipumzika narudi nilivyokuwa?"

Mwanvita alikatiza bila kuinua macho. "Na huyo anayevunja ganda, haungui? Mngekuwa na vidole vyangu mngejua."

Husseni akapiga makofi. Kuanzia hapo, katika mchezo wao, aliyepiga deraya naye aliumia, kama anayevunja ganda. Sheria hiyo haikutoka kwenye manowari ya mtu. Ilitoka kwenye vidole vya Mwanvita.

Siku maumivu yalipomshika Husseni mara ya mwisho, walikuwa katikati ya mchezo, na mbele yake imebaki korosho moja. Walimbeba hospitali. Alirudishwa katika sanda.

Miaka ikapita. Lulu, binti wa kaka yake Mwanvita, akaja kutoka Dar na boksi linalong'aa. "Shangazi, Najim katoa mchezo! Huko mjini vijana wote wanaucheza." Akakaa barazani na wenzake, na Mwanvita aliyekuwa uani akasikia.

"Mpige Husseni!"

"Nishampiga, anainuka tena!"

"Mpige tu, huyu hafi, hata ukimpiga mpaka Idi!"

Wakacheka. Mwanvita alimwita Lulu, akamtaka aeleze.

"Ni mzuka, Shangazi. Anakaa mlangoni, kila mchezaji lazima apigane naye kwanza. Deraya yake ikiisha, inajaa upya."

"Na anayempiga, haungui?"

"Hapana. Hiyo haimo."

Tangu hapo, kila alasiri ilipopita, Mwanvita alisikia korosho zikipangwa mkekani, katika chumba kilichokuwa cha Husseni, kisicho na mtu. Ko. Ko. Ko. Zikatulia. Kisha zikaanza tena kutoka ya kwanza. Jirani yake Mwanajuma akamshauri aite watu wafanye kisomo.

"Wamsomee nani?" Mwanvita alimjibu. "Mwanangu hana ubaya. Kuna mtu anamwinua."

Idi ilipofika, Najim alikuja kuwasalimu wazazi wake. Mwanvita alifunga ile korosho moja iliyobaki na dadu ya Husseni kwenye pindo la kanga, akaenda nyumbani kwa Bwanausi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani alikutuma umwinue mwanangu?"

Najim aliinama. "Ule mchezo haukuisha, Mama. Sikuwahi kumshinda. Ningemuuaje kwa mkono wangu? Nikaona afadhali abaki."

"Abaki apigwe na watoto wa watu kila siku? Mungu amemchukua, wewe ni nani umzuie mlangoni?"

"Ni mchezo tu, Mama."

"Kama ni mchezo tu, umalize." Akaweka korosho sakafuni, akampa dadu. "Piga."

Najim alirusha. Dadu ikasimama, na wote wawili walijua namba ile maana yake nini. Pigo lilikuwa limempata Husseni.

"Ichukue."

Mkono wa Najim ulikwenda, ukakaribia, ukasimama. Akaurudisha kama mtu aliyegusa bati la moto. "Siwezi," alisema. "Nitakuja kwako kabla sijaondoka." Jua halijazama, alikuwa ndani ya basi la Dar.

Kule chumbani korosho bado zinapangwa. Najim anadaiwa kuja kuichukua ile ya mwisho kwa mkono wake, na kutamka mbele ya mama mtu kwamba Husseni amekufa. Anadaiwa kwenda kuwaambia wanaocheza waache kumpiga, na kuirudisha sheria ya ganda linalochoma, aseme ilitoka kwa nani. Baba yake hupitisha kilo ya sukari kila Ijumaa na salamu ndefu, na Mwanvita huipokea kwa adabu, lakini Bwanausi hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni Najim.