Laurencia Tluway na Valvu za Nikeli

Laurencia Tluway alikuwa mtu wa kuuliza kwa nini, jambo lililomkera sana Mzee Patrisi, mwenye gereji aliyofanyia kazi ya kuchomelea mjini Karatu. Valvu za ekzosi, vizibo vinavyofungua na kufunga njia ya moshi katika injini kubwa, hutengenezwa kwa aloi ya nikeli, mchanganyiko wa metali usiotishwa na moto. Kila ukingo ulipolika, Patrisi aliagiza, "Binti, mwaga moto, jaza mara moja." Laurencia alijaza ukingo kwa nikeli iliyoyeyushwa, na baada ya wiki chache valvu ilirudi na ufa.

"Nikeli siku hizi mbovu," akasema Patrisi.

"Mzee, nikeli haina kosa. Sisi tunaiacha ipoe polepole mno."

Mafundi wakacheka wakishika mbavu. Yeye akachomelea vipande viwili: kimoja kwa moto mwingi kikaachwa kipoe taratibu, kingine kwa mistari myembamba juu ya bamba la shaba linalonyonya joto upesi. Akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, akampelekea Lazaro, mwalimu wa kemia sekondari. Mwalimu akavipaka asidi na kuviweka chini ya hadubini.

"Njoo uone mwenyewe, dada."

Kilichopoa taratibu kilikuwa na fuwele za nikeli zenye matawi manene. Kati ya matawi hayo yalijikusanya madini mengine yaliyosukumwa nje nikeli ilipoganda, na humo ndimo ufa unamopita. Kilichoganda upesi kilikuwa na matawi membamba yaliyobanana. Madini yale hayakupata muda wa kujitenga.

Lilipoletwa basi la kwenda Wasso likiwa na valvu iliyolika, Patrisi akarudia amri yake ileile. Laurencia akavua glavu.

"Kwa namna hiyo sishiki. Nifanye nijuavyo, au fanya wewe."

"Na ikipasuka?"

"Nifukuze mbele ya wote hawa."

Joshua, dereva wa basi, akadakia, "Mwache, Mzee. Valvu zako zimeniacha porini Malambo mara mbili."

Laurencia akaweka mstari, akangoja upoe, akaweka mwingine. Siku nzima ikaishia hapo, Patrisi akinung'unika nyuma yake.

Mwaka umepita, basi linakwenda na kurudi. Patrisi hajasema ahsante. Juzi alimwambia mteja kwamba gereji yake imegundua utaalamu mpya. Laurencia akainua kinyago cha kuchomelea.

"Aliyegundua ni mimi, kaka. Ukitaka kujua, niulize mimi."

Patrisi akatazama pembeni. Mteja akavuta kigoda, akaketi karibu na Laurencia.